Gari na Damu kwa Pamoja

Bomani, Tarime
10 Machi 2025

Kaka Benedicto,

Nimeona nikuandikie kwa karatasi. Kwenye simu hatusikilizani tena. Wewe unapandisha sauti, mimi napandisha zaidi, halafu mtandao wa Ikoma unatuamulia ugomvi kwa kukatika. Dereva wetu Joram anapeleka makasha ya damu huko kila wiki, hatashindwa kuongeza bahasha moja. Tena karatasi ina uzuri wake: huwezi kunikatiza.

Ijumaa nilikwenda Kewanja kuujaribu mfumo wetu wa Wahi. Nilimkalisha Scholastica, yule nesi anayetusaidia majaribio, nikamwambia aombe gari na chupa mbili za damu kwa mgonjwa wa kubuni. Alipobonyeza tu, nikachomoa waya unaoiunganisha mashine ya Kewanja na hii ya Bomani. Unajua skrini ilisema nini? TAYARI. Gari kweli lilikuwa limeshikwa kwa jina la mgonjwa wetu. Damu haikushikwa. Mwenzetu hapa Bomani akaiomba damu ileile, akapewa.

Scholastica akanitazama. "Kwa hiyo gari lingenifikia tupu?"

"Ndiyo."

"Na mimi ningekuwa nimeshamwambia mume wa mgonjwa atulie, msaada uko njiani."

Niliurudisha waya mahali pake.

Nitaliweka wazi hapa, ili hata bosi wetu Method akiisoma barua hii aelewe tunachogombania. Wahi inahifadhi taarifa za magari na damu kwenye kache, yaani kumbukumbu ya haraka iliyogawanywa kwenye mashine tatu: moja Bomani, moja Kewanja, moja huko kwako Ikoma. Wewe uliiunda katika hali ya atomiki. Kila badiliko linakamilika lenyewe, upesi, bila kumngoja mwenzake. Gari linaandikwa limeshikwa, basi. Damu inaandikwa imeshikwa, basi. Lakini hakuna anayesimama katikati kuhakikisha kwamba yote mawili yametokea, na skrini haingoji jibu la pili. Mimi nataka hali ya muamala: gari na damu vishikwe kwa pamoja, na kimoja kikishindikana, kingine nacho kiachiwe, kila kitu kirudi kilivyokuwa.

Baba yangu, Mzee Obonyo, amefanya biashara ya ng'ombe na shemeji zake wa upande wa Kenya tangu sijazaliwa. Wakibadilishana dume kwa mtamba, haachii kamba ya dume lake mpaka mkono mwingine umeshika kamba ya mtamba. "Ukiachia kwanza," husema, "umebaki na hadithi."

Unajua kwamba kache ikishaundwa haibadilishwi hali yake. Ni kuivunja na kuiunda upya. Tukiivunja sasa, hakuna atakayeumia. Tukianza kazi mwezi wa nne na hii ya atomiki, tutaivunja siku gani? Wakati watu wamelala kwenye machela wakiitegemea?

Naomba jibu la kazi, si la hasira.

Mdogo wako,
Dorka Akech


Ikoma, Serengeti
15 Machi 2025

Dada Dorka,

Barua yako imefika, na damu imefika ikiwa baridi. Joram anakusalimu.

Umeandika vizuri. Ulivyoandika ndivyo ulivyo: mkweli, na mwenye kudhani kwamba ukweli wake ndio wote. Sasa usikie wa kwangu.

Mimi nimeuandika moyo wa Wahi kwa mikono yangu, wakati ofisi yetu ilikuwa meza moja na kiti kimoja, Method anasimama. Niliuandika uwe mwepesi. Nesi akibonyeza, apate jibu kabla hajapepesa macho. Najivunia hilo na sitaona aibu kulisema. Kule mjini wapo watu wenye mitambo mikubwa kuliko kituo chetu kizima, na wanajibu polepole kuliko sisi.

Wiki hii niliijaribu hali yako ya muamala hapa Ikoma. Sikuitaka lakini niliijaribu, maana nakuheshimu. Nesi Agness aliomba gari na damu. Mashine ya hapa ikafunga taarifa za gari, asije mwingine akaligusa, ikauliza Kewanja habari za damu. Kewanja kimya. Mvua ilikuwa inanyesha na mnara ulikuwa unayumba kimawasiliano. Ikangoja. Kisha: IMESHINDIKANA, JARIBU TENA. Agness akajaribu tena. Imeshindikana. Na muda huo wote gari limefungwa, hata mtu mwingine mwenye shida hawezi kuliomba.

Agness aliinuka kwenye kiti akasema, "Kaka, mgonjwa wangu akiwa anavuja damu, unataka nijaribu tena mara ngapi?"

Nijibie hilo, wewe uliye Bomani ambako mtandao hauulizwi hali.

Hitilafu uliyoiona Ijumaa nitaitafutia dawa. Nitaandika programu ndogo, mlinzi, itakayozunguka kwenye kache ikitafuta gari lililoshikwa bila damu, na kulirekebisha. Mbio zetu zitabaki palepale. Huo ndio utu uzima katika kazi hii, Dorka: kutotupa kilicho chema kwa sababu ya waya mmoja uliochomolewa makusudi.

Kaka yako,
Benedicto


Bomani, Tarime
20 Machi 2025

Ndugu Benedicto,

Mlinzi wako atafika wakati mwizi ameshavuka mpaka. Atagundua kwamba gari limeshikwa bila damu, sawa. Atagundua lini? Gari likiwa barabarani? Likiwa limefika mlangoni na nesi amefungua kasha na kukuta barafu tu?

Umeniuliza kuhusu Agness, nakujibu. Bora kukataliwa kuliko kudanganywa. Aliyekataliwa anageuka anatafuta njia nyingine: anapiga simu, anasimamisha gari la watalii, anabeba mtu mgongoni. Aliyedanganywa anakaa. Anasubiri kwa adabu kabisa, mpaka mgonjwa anakata roho mkononi mwake. Sitaandika jina langu kwenye mfumo unaomfundisha mtu kusubiri kitu ambacho hakiji.

Sasa na mimi nikuulize. Method ameniambia ulimwambia kwamba nina haraka ya kujijengea jina. Ni kweli ulisema? Kama ulisema, hukukosea. Nataka jina. Katika ukoo wetu, kuanzia Shirati mpaka Migori, mimi ni wa kwanza kupewa kazi ya kufikiri na kulipwa kwa kufikiri. Mama yangu akipita sokoni watu humwita Mama Injinia, naye haitiki mara ya kwanza, anangoja waite mara ya pili ili wengine wasikie. Siwezi kumrudisha kwenye kuitwa Mama Dorka tu kwa sababu niliogopa kubishana na mwanaume aliyenitangulia.

Au ndiyo shida yenyewe? Kwamba nimekuja nyuma yako, tena ni mwanamke, nikaona kilichokupita? Kama ningekuwa Otieno badala ya Dorka, tungekuwa tumeshavunja hiyo kache tukala chakula pamoja.

Nimemwomba Method aamue ifikapo mwisho wa mwezi.

Dorka Akech


Ikoma, Serengeti
24 Machi 2025

Dorka,

Sina la kuongeza. Kura yangu ni atomiki. Method aamue.

Hilo la mwanaume na mwanamke sitalijibu, kwa sababu litanifanya niseme maneno ambayo karatasi haiyasahau.

Ila jambo moja. Ukichora ile ramani yako ya mashine tatu, Ikoma ndiyo huwa unaiweka pembeni, kwenye ukingo wa karatasi. Ikoma haiko pembeni kwa sisi tunaoishi Ikoma. Mtandao ukikatika, katika hali yako sisi ndio wa kwanza kuambiwa hapana. Kuna mambo ya huku usiyoyajua.

Benedicto


Ikoma, Serengeti
31 Machi 2025

Dada Dorka,

Hunifahamu. Mimi ni Christina, mke wa Benedicto. Nafanya kazi ya kuoka mikate kwenye loji moja karibu na geti la hifadhi, ila kwa sasa nimepumzishwa, na sababu utaijua hapa chini. Shikamoo sikupi kwa kuwa naambiwa tunalingana.

Nilikuwa nafagia nikaikuta barua yako ya tarehe ishirini chini ya meza. Nisamehe, niliisoma. Baadaye nikamwambia mwenyewe kwamba nimeisoma, na kwamba nitakujibu. Alisema, "Usimwandikie." Nikamwambia, "Nitamwandikia."

Dada, umemkosea mahali pamoja. Hakukatai kwa sababu ya wewe kuwa mwanamke. Humu ndani tunakusikia wewe kutwa. Dorka kafanya hiki, Dorka kaandika kile, huyu binti ana kichwa. Nilifika mahali nikaona wivu, nikamuuliza kama una mume.

Anakataa kwa sababu mimi ni mjamzito na nimeambiwa mimba yangu ni ya hatari. Mtoto wetu wa kwanza nilimzaa kwa kumwaga damu nyingi, na tulipofika hospitali nilikuwa sisikii tena watu wanaoniita. Mtoto alifariki. Hilo Benedicto hajawahi kumwambia mtu yeyote ofisini. Aliomba ahamishiwe huku akasema ni kwa ajili ya kufunga mashine, kumbe ni kwa ajili yangu.

Siku Agness alipojaribu huo muamala ukakataa mara mbili, Benedicto alirudi nyumbani hakula. Anaona ile skrini siku yangu ikifika. Anaona neno lile, imeshindikana. Lakini hawezi kukuambia, kwa sababu anasema utadhani anaupindisha mfumo wa wilaya mbili kwa ajili ya mke wake. Mume wangu ana kiburi cha namna hiyo, cha kukaa kimya. Wanaume wa huku, Wakurya na Waikoma, hujisemea mengi lakini kiburi hiki hawakitaji.

Mimi sijui nani kati yenu ana haki. Neno lako la kukataliwa na kudanganywa nimelisoma mara nyingi, na nafsi yangu iko upande wako. Mimi ningependa kuambiwa kweli. Lakini tafadhali usimwite mtu wa kudharau wanawake. Anafua kanga zangu.

Wako,
Christina


Bomani, Tarime
4 Aprili 2025

Kaka Benedicto,

Bahasha ndogo ndani ya hii ni ya wifi yangu, usiifungue. Humo nimemwomba radhi yeye kwanza, kwa sababu ndiye aliyenifundisha. Wewe nakuomba radhi hapa, kwa lile la Otieno na Dorka. Nilikuwa na uchungu nikachukua fimbo iliyokuwa karibu. Pole kwa mtoto. Sitaandika zaidi ya hapo, maana najua hupendi.

Lakini juu ya muamala sirudi nyuma. Nilipoisoma barua ya wifi sikuona sababu ya kulegeza. Niliona sababu ya kufikiri zaidi. Umesema Ikoma naiweka ukingoni. Nikaichukua ile ramani, nikaiweka Ikoma katikati, nikajiuliza: hivi kwa nini Agness, aliyeko Ikoma, akiomba gari la Ikoma na damu iliyo kwenye friji la Ikoma, chumba cha pili kutoka alipokaa, mashine inakwenda kuulizia Kewanja?

Nilicheka peke yangu hadi Sharon wa mapokezi akaja kuchungulia.

Tuliiacha kache igawe taarifa yenyewe, Benedicto! Mimi na wewe, wote wawili. Imezitawanya bila kuangalia nani ni jirani ya nani. Taarifa za gari lenu zinakaa Ikoma, za friji lenu zimeangukia Kewanja. Na muamala haungoji mashine zote, unangoja zile tu zinazoshika taarifa unazozigusa. Kwa hiyo vinavyotumika pamoja vikae pamoja. Gari la Ikoma na damu ya Ikoma viandikwe kwenye mashine ya Ikoma, na nakala yake iwekwe Mugumu, makao ya wilaya yenu, ambako mawasiliano yenu ni mazuri. Kuna mashine imelala stoo hapa, Method amekubali iletwe Mugumu. Hapo Kewanja ikinyamaza, inyamaze. Agness hatajua hata kama imenyamaza.

La pili. Hatulazimiki kuchagua hali moja kwa kila kitu. Mahali gari lilipo barabarani, joto la friji, hizo zinabadilika kila mara, na zikikosea sasa zitajirekebisha punde. Zitengenezewe kache yao, ya atomiki, na mbio zako zote zikae humo. Ila kushika gari na kushika damu, hapo pana mtu. Hapo ni muamala. Na skrini isiseme tu imeshindikana. Iseme ni nini kimekosekana na kingine kinapatikana wapi.

Nimeuandika mfumo wote upya, na Method amesema ataamua ukishaujaribu. Umo kwenye kifaa kidogo alichonacho Joram, kimefungwa kwa plasta. Ujaribu kwa nia ya kuuvunja. Nakujua, hutanionea huruma.

Mdogo wako,
Dorka


Ikoma, Serengeti
12 Aprili 2025

Dada Dorka,

Nimejaribu kuuvunja. Nimechomoa waya, nimezima mashine katikati ya ombi, nimewaweka Agness na mlinzi wa geti waombe gari moja kwa wakati mmoja. Mmoja amepata, mwingine ameambiwa hapana na kuelezwa sababu. Nikazima Kewanja kabisa. Ikoma ikaendelea kama haikusikia.

Ni mzito kidogo kuliko wangu. Nesi anapepesa sasa. Lakini ukisema TAYARI, ni tayari.

Jana nimeivunja kache yangu ya zamani kwa mkono wangu mwenyewe, sikutaka mtu mwingine aifanye kazi hiyo. Sijasema kwamba nilichojenga kilikuwa kibaya. Nasema hiki ni bora. Nimemwandikia Method hivyohivyo.

Christina anasema uache kumtumia mananasi, anakosa pa kuyaweka. Mimi nasema usiache.

Kaka yako,
Benedicto


Mugumu, hospitalini
23 Mei 2025

Dorka,

Usishtuke kuona barua imetoka Mugumu. Wapo hai. Nimeanza na hilo makusudi, ili usome mengine ukiwa umekaa vizuri.

Juzi mchana Christina alijifungua mtoto wa kike pale kituoni Ikoma. Mtoto alilia vizuri. Nikatoka nje kuwaambia majirani, na niliporudi nikaona sura ya Agness, nikajua. Kondo la nyuma lilikuwa limekataa kutoka na damu ilikuwa imeanza. Ni vilevile kama mara ya kwanza. Christina alinishika mkono, akaniambia, "Nakusikia. Endelea kuniita."

Agness akaenda kwenye mashine. Akaomba gari na damu ya kundi O, kama tulivyomfundisha. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Na skrini ikasema: IMEKATALIWA.

Dorka, nilichokiona usiku na mchana tangu mwezi wa tatu ndicho hicho, mbele ya macho yangu, kwa herufi nyekundu ambazo mimi ndiye niliyechagua rangi yake. Nikasema kwa sauti, "Si niliwaambia? Si niliwaambia?"

Agness hakunigeukia. Alikuwa anasoma mstari wa chini, ule uliouongeza wewe. Gari la Ikoma lipo. Damu ya Ikoma imeshikwa na mgonjwa mwingine. Damu kundi O ipo Mugumu, gari la Joram lipo Mugumu.

"Kaka," akasema, "ya hapa imekwenda. Hatuwezi kuililia. Nisogezee kiti."

Akaandika ombi la pili. Gari letu kutoka hapa, damu kutoka Mugumu, Joram ailete mpaka wakutane njiani. Vitu vitatu kwa ombi moja. Nilijua ndani ya mashine kinachotokea: kinashikwa hiki, kinashikwa kile, kinangojwa cha tatu. Nilingoja nikiwa nimefumba macho. Agness akasema, "Tayari. Mbebeni."

Nikamuuliza, "Una hakika?" Akanijibu, "Si wewe uliyeniambia kwamba ikisema tayari ni tayari?"

Tulikutana na Joram njiani. Alikuwa amewasha taa zote mchana kweupe, amesimama katikati ya barabara mikono juu, kama tungeweza kumpita. Agness alimtundikia Christina damu ndani ya gari, mimi nikiwa nimeishika chupa juu ya kichwa changu mpaka hospitali, nikimwita jina. Aliitika kila mara. Mwishoni akaniambia, "Punguza sauti, mtoto amelala."

Leo asubuhi nilikwenda wodi ya wanaume kumtafuta aliyechukua ile damu yetu ya Ikoma. Ni mchungaji wa ng'ombe, anaitwa Nyamhanga, alipigwa na nyati paja likafunguka. Nesi mwingine wa zamu alikuwa amemwombea damu kidogo tu kabla yetu, kisha wakamleta huku kwa gari la watalii. Nilimsalimia, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda chake. Hakujua mimi ni nani. Yeye alikuwa na damu yake na mke wangu alikuwa na yake. Kwa mfumo wangu wa zamani gari lingeshikwa, skrini ingesema TAYARI, Agness angerudi kitandani kumtuliza Christina, na sote tungekaa kungojea chupa ambayo tayari ilikuwa mwilini mwa yule bwana. Ningengoja kwa imani kubwa, maana ungekuwa ni mfumo wangu.

Nimeandika mistari mingi maishani. Mstari mmoja ule wa chini, uliouongeza wewe, nauonea fahari kuliko yote niliyoandika mimi. Sikujua kwamba mtu anaweza kuonea fahari kazi ya mwenzake kiasi cha kushindwa kula.

Waganga wakuu wa wilaya wametuita Tarime mwezi ujao. Wanataka kusikia kabla ya kuamua kama Wahi iende vituo vyote. Nitakuja.

Benedicto


Bomani, Tarime
20 Juni 2025

Wifi yangu Christina,

Benedicto yuko njiani kuja huko nyumbani, na najua akifika hatakusimulia kitu. Atasema, "Kikao kilikwenda vizuri," ataomba maji. Kwa hiyo nakuandikia mimi, na barua hii ameibeba yeye mwenyewe bila kujua kilichomo.

Ukumbi ulijaa. Waganga wa Tarime upande huu, wa Serengeti upande ule, manesi nyuma. Scholastica alikuja kutoka Kewanja na sare mpya. Agness alikuwa mstari wa mbele, amekataa kukaa nyuma. Method alitutambulisha, akanitaja mimi mwisho kama kawaida yake, halafu nikaeleza, kwa Kiswahili cha watu, kache ni nini, mashine zipo ngapi, na kwa nini gari na damu vinashikwa kwa pamoja.

Nilipomaliza, daktari mmoja mzee akavua miwani akamwangalia Benedicto. Si mimi niliyekuwa nimesimama, Benedicto aliyekuwa amekaa. Akamuuliza, "Ndugu yangu, nimeelewa. Sasa niambie, wewe uliamuaje kuacha ile njia ya haraka ukachukua hii?"

Wifi, unamjua mumeo. Kiburi chake chote ungekiona kimekaa pale kwenye kiti. Nilisema moyoni, atajibu. Atasema tuliamua, na itakuwa sawa, maana ni kweli tulifanya pamoja, na mimi nitakaa nitabasamu.

Akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Akasema, "Daktari, sikuamua mimi. Mimi nilipinga. Nilipinga kwa maandishi, na nilikuwa na sababu, na sababu zangu zilikuwa nzuri. Huyu binti alinibishia mpaka akanishinda, na kwa sababu alinishinda, mimi nina mke na nina mtoto. Swali lako muulize yeye."

Akakaa.

Manesi ndio walioanza kupiga makofi. Agness alipiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia mpakani Sirari. Daktari yule akanigeukia, akavaa tena miwani yake, akaniambia, "Samahani, mwanangu. Nani aliamua?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi. Nilikuwa na maelezo ya mashine, ya nakala, ya mtandao ukikatika. Nilikuwa pia na neno la adabu ambalo mama yangu amenifundisha tangu utotoni, la kusema ni Mungu na wenzangu. Sikulisema. Mungu na wenzangu walikuwa wanajua.

Nikasema, "Mimi."

Wamekubali. Vituo vyote vya wilaya zote mbili, na wamesema kwenye karatasi kwamba kila kitakachomgusa mgonjwa kiwe muamala.

Wiki ijayo nataka nimshike mtoto, nitakuja na Joram. Ila nikueleze jambo moja la mwisho ambalo Benedicto hawezi kukueleza kwa sababu alikuwa nyuma yangu, amebeba kompyuta yangu na yake, anaongea na Method. Tulipotoka ukumbini, wifi, sikupita pembeni. Nilitembea katikati ya barabara ya Bomani mchana ule, kichwa juu, na bodaboda zikawa zinanizunguka kulia na kushoto zikipiga honi, na mimi sikusogea.

Wifi yako,
Dorka Akech